Wakulima Sitini wa Chumba Namba Tisa

Mkulima wa kwanza alifika kwenye hosteli ya wasichana siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, wakati mlinzi wa mlangoni akichovya mkate kwenye chai. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, jembe begani. Alipiga hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Mlinzi akamsogezea daftari la wageni, akamwambia aandike jina, anakotoka na anayemtembelea. Kwenye nafasi ya jina mgeni akaandika 23.

"Hii ni namba," mlinzi akasema.

"Ndiyo."

"Jina lako nani, ndugu yangu?"

"Ishirini na Tatu. Mwanamume, miaka arobaini na miwili, nimeoa, watoto wanne, elimu ya msingi. Shamba ekari mbili. Hati ninayo."

Mlinzi alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na tisa na alishaona wageni wa kila namna, wakiwemo wajomba watano wa msichana mmoja ndani ya wiki moja. Alichotaka yeye ni daftari lijazwe. Akauliza anayetafutwa ni nani. Mgeni akajibu kwamba anamtafuta yule anayesomea uchumi wa kilimo, wa chumba namba tisa.

Chumba hicho kilikuwa na wasichana wawili. Mmoja alisomea ukunga na muda mwingi alikuwa wodini. Mwingine ndiye aliyetafutwa. Alikuwa mwaka wa mwisho wa Uchumi wa Kilimo na Biashara ya Kilimo, na chuo kizima kilimwita Wastani. Jina hilo alilipata wiki ya kwanza, pale mwalimu wa takwimu alipowapima wanafunzi wote urefu, akajumlisha, akagawanya, na jibu likatoka sawasawa na urefu wake, bila kuzidi hata milimita. Mwalimu akamsimamisha mbele ya darasa. "Mtazameni vizuri," akasema, "maana huwa tunamhesabu tu, hatukutani naye akitembea." Tangu siku hiyo jina lake la nyumbani lilibaki kwenye kitambulisho.

Wastani alishuka ngazi, akamwona mgeni, akamtambua papo hapo. Alimtambua kwa sababu alimtunga mwenyewe, Jumapili moja ya mwezi uliopita, kati ya saa nane na saa nane na nusu mchana, akiwa ameegemea mto, kalamu ya bluu mkononi. Hakushangaa. Aliogopa tu, kwa sababu alijua kosa lake lilipo.

Kosa lenyewe lilianza kwa nia njema kabisa. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitakiwa kufanya utafiti wa wakulima sitini, na msimamizi wake, ambaye wote walimwita Daktari, alikuwa na mradi mkubwa uliotaka kujua hali ya wakulima wadogo katika vijiji kadhaa. Wanafunzi wakagawiwa vijiji. Wengine waligombania vya karibu na barabara. Wastani aliomba kijiji cha mama yake, mbali huko, kwa sababu alitaka watu wake waandikwe mahali. Katika miaka mitatu ya kusoma habari za wakulima hakuwahi kumkuta kwenye kitabu mtu yeyote anayefanana na mama yake.

Alikwenda na madodoso sitini, kila moja kurasa nane, maswali arobaini na manne. Alianza na mama, aliyekuwa akipepeta mahindi uani.

"Msimu uliopita ulivuna magunia mangapi?"

"Ya lini hayo? Tulianza kuyala mabichi. Halafu mama yako mdogo akaja na kikapu chake, mumewe hajiwezi kitandani, nimwambie subiri kwanza nipime? Halafu ngedere nao wakachukua fungu lao. Sasa yaliyobaki..."

"Yaliyobaki magunia mangapi, mama?"

"Inategemea unayashindilia vipi."

"Haya. Shamba lina ukubwa gani?"

"Si unalijua? Kuanzia kwenye lile jiwe mpaka pale bibi yako alipokuwa akichoka."

"Na hati ya shamba unayo?"

Mama akaacha kupepeta, akamtazama. "Hati ya kazi gani? Kwani shamba limepotea?"

Basi ikawa hivyo kwa kila aliyemuuliza. Walimkaribisha, wakamlisha, wakamuuliza lini anaolewa, na kila swali la mstari mmoja likajibiwa kwa habari ya ukoo mzima. Wastani aliandika yote, mpaka pembezoni, mpaka nyuma ya karatasi. Wiki ilipokwisha alikuwa na madodoso sita yaliyojaa na hamsini na manne meupe, na nauli ya kurudi tu.

Daktari aliyasoma yale sita akiwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanafunzi thelathini, ripoti ya mradi iliyochelewa, na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye kabati.

"Hizi si data, binti," akasema. "Hizi ni hadithi. 'Mpaka pale bibi alipokuwa akichoka.' Hiyo nitaiingiza kwenye kompyuta kwa kipimo gani?" Akakunja dodoso la mama yake mara nne, akalisukuma chini ya mguu wa kabati lisiyumbe. "Nataka sitini, safi, ndani ya wiki mbili. La sivyo tutaonana mwakani."

Kupika data ni ufundi, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho hurithishana kanuni zake kwenye ngazi za maktaba. Usiweke namba zote zinazoishia na sifuri. Changanya umri. Badilisha kalamu mara mbili tatu. Wastani alikuwa mpishi mwangalifu. Mradi ulitaka wanawake asilimia arobaini, kwa hiyo akatunga wanawake ishirini na wanne. Na kwa kuwa ukarimu juu ya karatasi haugharimu kitu, akawapa maisha mazuri. Wote walikula milo mitatu. Wote walikuwa na paa la bati, hati ya shamba, na ekari mbili kamili. Akawapa vibarua wawili kila mmoja, maana darasani walifundishwa kwamba mkulima makini wa kiwango hicho huajiri wawili. Alipofika kwa yule wa ishirini na tatu alikuwa ameshaanza kuwapenda. Swali la mwisho liliuliza kama mkulima yuko tayari kushiriki katika mradi na kufuata maelekezo yake. Hapo mkono ulikuwa umeshachoka, akatia alama ya vyema kwenye Ndiyo mara sitini bila kusoma tena. Alipata alama ya juu kuliko wote.

Sasa Ishirini na Tatu alikuwa amesimama mbele yake, jembe begani.

"Tumekuja kuulizia mashamba," akasema kwa adabu.

"Mko wangapi?"

"Si unajua."

Kufikia adhuhuri walikuwa wameshafika wote. Walikaa kwenye majani mbele ya hosteli, kwa mpangilio wa namba, wenye miaka thelathini na wenye miaka sitini, wote na mashati yaliyopigwa pasi. Watoto wao walikuwepo pia. Dodoso halikuuliza umri wa watoto, kwa hiyo hawakuwa wakubwa wala wadogo, na mtu akiwatazama kwa muda macho yalimuuma. Saa saba kamili wote wakatazama upande wa jiko, kwa sababu ulikuwa wakati wa mlo wa pili.

Mwenzake wa chumbani alirudi kutoka wodini, akachungulia dirishani.

"Wa kwako?"

"Wa kwangu."

"Wamefika salama wote?"

"Wote."

"Hakuna mgonjwa?"

"Magonjwa hayakuulizwa."

"Una bahati," mkunga akasema, akavua viatu, akalala.

Wastani alikwenda ofisini kwa Daktari siku ileile. Njiani aliyapanga maneno yake, akayapangua, mwishowe akayasema yalivyo.

"Daktari, nilipika. Wale watu sikuwahi kuwaona. Niliwatunga."

Daktari hakuinua kichwa. "Kila mtu hupika, binti. Swali ni kama kimeiva. Mimi nimesimamia tafiti miaka kumi na mitano na hawa wako ndio wa kwanza kuja wenyewe." Akasimama, akawatazama kupitia dirisha, wakulima sitini wamekaa mistari sita ya watu kumi kumi. Uso wake ulilainika. "Sampuli nzuri sana. Hakuna hata mmoja aliyekosekana."

"Wanataka mashamba."

"Watapewa. Ripoti imeshachapishwa. Kijiji kina wakulima sitini wenye hati, ekari mbili mbili, jumla ekari mia na ishirini. Afisa ardhi amepima, na kijiji kizima ni ekari mia na ishirini. Umepatia mpaka mwisho, hata mimi nilishtuka kidogo. Mwezi ujao wanakabidhiwa rasmi, kisha mradi unaleta maji na mbegu."

"Lakini kuna watu pale, Daktari. Kuna mama yangu."

Daktari akafungua ripoti, akapitisha kidole kwenye orodha, taratibu na kwa haki kabisa, kutoka wa kwanza mpaka wa sitini.

"Simwoni," akasema.

Hapo ndipo Wastani alipoelewa alichofanya. Shamba la mama yake, lile la kuanzia kwenye jiwe, lilikuwa limeshahesabiwa ndani ya zile ekari na kupewa namba ya mtu mwingine. Alikuwa na siku thelathini.

Siku zilizofuata alizimaliza kwenye korido. Alitaka kuuondoa utafiti wake, yaani aseme mwenyewe kwamba haufai, apoteze shahada, yaishe. Aliona hilo ni jambo ambalo mtu anaweza kulifanya akiwa na ujasiri, na ujasiri alikuwa ameupata. Karani wa usajili alimpa fomu. Ilisema utafiti unaohusu watu hauwezi kuondolewa mpaka kila mhojiwa aulizwe swali moja, mbele ya shahidi, na jibu lake liandikwe: Je, unataka kuendelea kuwepo katika utafiti huu?

Aliwauliza mmoja mmoja pale kwenye majani, mlinzi akiwa shahidi. Wa kwanza akasema ndiyo. Wa pili akasema ndiyo. Alipofika kwa Ishirini na Tatu alichuchumaa mbele yake, akamweleza yote, bila kuficha: kijiji, jiwe, bibi, mama. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, macho yamemlegea kwa huruma. Alikuwa mtu mwema, maana Wastani alimtunga akiwa na furaha.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa vizuri, mwanangu."

"Je, unataka kuendelea kuwepo katika utafiti huu?"

Ishirini na Tatu akafungua kinywa. Mishipa ya shingo ikamsimama, jasho likamtoka kwenye shati lake safi. Alihangaika hivyo kwa dakika nzima, na mlinzi akamletea maji.

"Ndiyo," akasema. Kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe. Neno lingine silioni ndani."

Wastani alirudi kwa karani akaomba swali liulizwe kinyume: kama mhojiwa anataka kuondoka. Karani akamtazama juu ya miwani.

"Fomu haibadilishwi, binti."

"Ni maneno mawili tu, mama."

"Kila anayekuja hapa ni maneno mawili tu." Akagonga mhuri kwenye karatasi, akaiweka kwenye jalada la zilizokataliwa, akamuuliza kama kuna jingine. Hapakuwa na jingine. Wastani alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia waziwazi mchana kweupe, na watu wakampita wakidhani amefeli.

Siku ya makabidhiano ilikuwa Jumamosi. Mradi ulileta mabasi mawili, turubai na spika. Wanakijiji walikuwa wameshajipanga tangu asubuhi, nguo zao nzuri mwilini, kwa sababu waliambiwa kuna mgao wa mashamba na hawakuona kwa nini wahofu kugawiwa kilicho chao. Wakulima sitini wakashuka, wakasalimia kwa heshima. Wanakijiji wakaitikia. Watoto wa kijijini wakawaendea wale watoto wasio na umri, na baada ya muda mfupi walikuwa wakicheza pamoja, ingawa hawakuelewana nani ni mkubwa wa nani.

Afisa ardhi alikaa kwenye meza ya plastiki akaita namba. Kila aliyeitwa alitoa hati mfukoni, mhuri mbichi, akapelekwa kuonyeshwa shamba lake. Kulikuwa na utaratibu mzuri na hakuna aliyesukumana. Alipofika namba kumi na nane, mjomba wa Wastani, aliyelima shamba la namba hiyo tangu ndevu hazijamwota, akauliza zamu ya wenyeji ni lini.

"Ninyi hamko kwenye orodha," afisa akasema.

"Sisi tuko hapa."

"Sijasema hamko hapa, mzee. Nasema hamko kwenye orodha."

Mjomba akageuka akawatazama wenzake, wakatazamana. Hakuna aliyepiga kelele. Walijikagua mikono na nguo, mzee mmoja akajipapasa mfukoni kana kwamba kitu kinachotakiwa kingeweza kuwa humo. Ndipo mama yake Wastani akasogea mbele. Alikuwa ametulia kabisa, hata alikuwa akitabasamu kidogo, kama mtu ambaye amekuja na dawa ya ugomvi.

"Niangalie mimi, baba," akamwambia afisa. "Mimi niliulizwa. Mwanangu alikaa uani kwangu siku nzima na kalamu, kila nilichosema aliandika, mpaka wali ukaungua. Pitisha macho vizuri, nitakuwemo."

Afisa akapitisha macho. Mama akamtafuta binti yake kwenye kundi la watu wa mradi, akamwona, akampungia mkono aje.

"Njoo mwambie. Si uliniandika?"

Wastani akaja. Daktari alikuwa karibu, amekunja mikono, na kipaza sauti kilikuwa wazi, lakini yeye alimwona mama peke yake.

"Fomu yako haikuingia, mama."

"Haikuingia kwa nini?"

"Majibu yako yalikuwa marefu."

Tabasamu halikumtoka usoni mara moja, lilipungua polepole.

"Ungeniambia nifupishe," akasema.

Afisa akaita ishirini na tatu. Yule bwana alipofikishwa shambani alilitazama jiwe, akatazama mahindi ya mama yaliyofika magotini, akamwambia afisa kwamba shamba hili lina mwenyewe. Afisa akamwambia hayo si ya kuulizwa leo. "Unalipokea?" Wote walisubiri. Mishipa ikamsimama tena. "Ndiyo," akasema, akamgeukia mama. "Shikamoo mama. Mimi sikuchagua."

"Marahaba," mama akamjibu. Alikuwa mtu wa adabu hata siku hiyo. "Hapo kona ya chini maji hutuama. Usipande mapema."

Kabla mabasi hayajaondoka, jambo moja zaidi likatengenezeka lenyewe. Kila mkulima wa mradi alitakiwa awe na vibarua wawili, fomu zilisema hivyo, na wakaguzi wangekuja kuhesabu. Kijijini kulikuwa na watu wazima mia na ishirini. Waligawanywa kabla ya saa kumi. Wengi walipangiwa mashamba waliyoyajua, na Daktari aliona hilo ni jambo zuri kwa tija. Mama na mjomba walikwenda kwa Ishirini na Tatu.

Wastani alipewa shahada yake mwishoni mwa mwaka. Mama hakuweza kuja kwenye mahafali kwa sababu ilikuwa wiki ya mavuno na Ishirini na Tatu alihitaji vibarua wote wawili. Alimtumia salamu na ujumbe kwamba avae viatu vya chini, ngazi za pale huteleza.

Wastani alijaribu kutoroka mambo yote hayo. Alipata kazi kwenye duka la pembejeo katika mji mwingine, kazi ya kupima mbegu na kuandika lebo, na siku mbili za kwanza alikuwa na amani. Siku ya tatu alifungua mlango akakuta wakulima sitini wamepanga foleni mpaka kwenye kona ya barabara. Hawakununua kitu. Walikuwa wamekuja kwa sababu msimu wa kujibu umefika na hakuna aliyewauliza. Mradi ulimtuma kijana mwenye kalamu nzuri na gari, lakini walimtazama tu. Walijibu mwandiko mmoja tu, ule uliowatunga. Mwenye duka alimwambia Wastani, kwa upole, kwamba wateja hawapati pa kupita. Mradi ukamwajiri. Mkataba ulikuwa wa misimu ishirini.

Kwa hiyo kila mwaka, mahindi yakifika magotini, Wastani hurudi kijijini na madodoso sitini na vyema sitini vinavyomsubiri. Mambo ya kijiji yanakwenda. Maji yalifika. Mbegu zilifika. Wageni huja na kamera, na wale sitini husimama vizuri. Wenyewe si wakorofi. Jioni wakitoka shambani huwapisha wanakijiji njiani, huwaulizia wagonjwa, na msiba ukitokea huwa wa kwanza kuchanga kuni. Wanakijiji nao wamewazoea, wameshaanza kuoana nao, ingawa mchumba akiulizwa kama anapenda, jibu lake halimtulizi mtu. Kile kilichochukuliwa hakizungumzwi, wala hakirudishwi.

Mwaka huu Wastani alianza na Ishirini na Tatu, kama kawaida yake, ili amalize mapema lililo gumu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Walisimama katikati ya shamba, yeye na ubao wake wa kuandikia, yule bwana na kofia mkononi. Mama alikuwa akipalilia hatua tano kutoka pale, mgongo umeinama zaidi ya mwaka jana. Mjomba hakuwepo, alikuwa amefariki wakati wa masika na nafasi yake ya kibarua ilikuwa imejazwa na mtoto wake mkubwa.

"Magunia mangapi?"

"Thelathini."

"Milo mingapi kwa siku?"

"Mitatu."

"Je, maisha yako yameboreka kutokana na mradi?"

"Ndiyo."

"Je, majirani zako wameridhika?"

Ishirini na Tatu akamtazama mama aliyeinama, kisha akamtazama yeye. Mishipa ikatokeza. Wastani akangoja, kwa sababu alimpa nafasi hiyo kila mwaka, na kila mwaka alitamani kwa moyo wote neno lingine litoke.

"Ndiyo," akasema yule bwana, machozi yakimlengalenga.

Akaandika. Jembe la mama likasimama.

"Na mimi huniulizi mwaka huu?" mama akauliza, bila hasira, akijifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Nimejifunza. Nitajibu kwa kifupi."

Wastani aligeuza kurasa zote nane, mbele na nyuma, ingawa alizijua kwa moyo.

"Hakuna sehemu ya kibarua, mama."

"Haya, mwanangu." Mama akainua jembe, akaonyesha chini kwa mpini wake. "Basi sogea kidogo. Umesimama kwenye mstari wangu, na bwana anataka umalizike kabla ya jua kali."